Nani Alimuua Mwenye Duka la Hariri?

Benchi la nje ya mkahawa wa Bi Kinue, pale Shinsekai, Osaka, lilichemka asubuhi hiyo kuliko birika lake. Kisa, kanda ya video. Sinema ile ya zamani isiyo na sauti, ya mauaji ya mwenye duka la hariri, iliyodhaniwa imeungua vitani, ilikuwa imepatikana, ikasafishwa, ikaanza kuuzwa. Jana kila mtu aliiangalia nyumbani kwake. Mzee Tatsuzo, miaka themanini na minne, alijiinamia na kikombe chake. Enzi hizo yeye ndiye aliyekuwa msimulizi: anasimama kando ya pazia, watu wa kwenye picha wanafumbua midomo, yeye anawasemea wote. Jumapili hii aliahidiwa kuisimulia tena ukumbini, mara moja tu kabla hajafa. Sasa aliona nafasi hiyo inamponyoka.

— Ulitudanganya, Mzee Tatsuzo! aliwaka Gondo, mshona mikeka na mwenyekiti wa ukumbi, waliyemwita Jaji. Miaka sitini najua muuaji ni mkwe wa tajiri. Jana nakuta ni yule binti mtumishi! Maandishi ya kwenye picha yanasema wazi, “Nimemuua.” Ndiyo maana wahenga wakasema, haraka haraka haina baraka.

— Haraka gani, Jaji, miaka sitini? alicheka Bi Kinue.

— Waliosafisha ndio waliobadilisha, alidakia Sakata, kinyozi mstaafu, Profesa wa benchi. Picha ukiisugua sana, sura zinahama.

— Zinahama kwenda wapi?

— Usinichekeshe, mama. Ukoo wa yule mkwe upo mpaka leo. Wamepenyeza kitu!

— Profesa, yule ni mwigizaji!

— Hao ndio wabaya zaidi.

Tatsuzo akakibwaga kikombe mezani.

— Hakuna aliyebadilisha. Ni mimi.

Akainua kichwa, akaendelea.

— Siku ya mapumziko ukumbi ulijaa watumishi wa majumbani, mabinti wadogo, mikono imepasuka kwa maji ya baridi. Niwaambie muuaji ni mwenzao? Thubutu! Nikasema kile kisu kifuani mwa bwana wake alikuwa anakichomoa amwokoe. Maandishi yakitokea, napaza sauti. Nani angesoma? Walilia wale, wakapiga makofi mpaka vumbi likatimka.

— Basi Jumapili utasimulia kilichoandikwa, alisema Jaji. Hutaki, tunaweka kinanda badala yako.

— Wekeni hata ngoma. Sisimulii hivyo.

Roho ilimuuma, maana alijua mlango anaufunga mwenyewe. Lakini kumsaliti yule binti uzeeni, hapana.

Mayumi, muuguzi aliyehamia mtaani wiki iliyopita, alikuwa amesimama akingoja kahawa yake.

— Samahani, wazee wangu. Hata mimi nimeiangalia. Pale mwisho askari wanamchukua yule dada, naye anasema maneno mengi, machozi yanamtiririka. Halafu hakuna maandishi yoyote. Alikuwa anasema nini?

Bi Kinue akasahau kahawa. Kisha, mmoja mmoja, yeye, Jaji na Profesa wakamgeukia Tatsuzo.

— Mnanitazama nini? alisema. Mimi si mwongo? Kaulizeni kinanda.