Koplo Kondo na Mihogo ya Msimbu

Wasikilizaji wapendwa, wekeni jembe chini kidogo, mkae nami. Leo tunamkumbuka Koplo Kondo Mwinshehe wa Msimbu, Kisarawe. Alikufa katika vita vya Kagera, mwaka 1979. Alikuwa mtoto wa pekee wa Bi Mwanahalima.

Kondo alikuwa mtu wa kimya. Kila akija likizo, kabla hajavua viatu, alimjazia mama yake mtungi wa maji. Mara ya mwisho aliujaza hadi ukafurika.

"Kwani unahama?" mama alimuuliza.

Kondo akacheka tu.

Kisha ikaja habari ya kifo. Mwili haukuja. Ndugu wakatandika mikeka, tayari kwa matanga. Bi Mwanahalima akaikunja yote.

"Matanga ya nani? Nani amemwona? Nani amemfumba macho?"

Hakuna aliyembishia. Lakini jioni ile jirani yake, Bi Tatu, alikuja na kisu. "Nimekuja kukusaidia kumenya mihogo." Kesho yake wakaja na wengine, kila mmoja na kisu chake. Hakuna aliyemtaja Kondo. Hakuna aliyesema pole. Walimenya mihogo.

"Maganda ya mihogo yako magumu, dada, kama kichwa chako," Bi Tatu alimtania.

"Basi kamenye ya mumeo."

Wakishaondoka, alibaki yeye na sahani ya Kondo, ambayo kila usiku aliipakulia na kuifunika. Ndivyo alivyoishi, wasikilizaji wapendwa. Mtoto hayupo, na matanga hayajakaliwa.

Vita vilipokwisha, akafika mgeni anayechechemea, kutoka Tumbi, Kibaha. Aliitwa Gregori. Alikuwa vitani pamoja na Kondo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Kaa kwanza, upumzishe mguu huo."

Gregori akasimulia. Walishambuliwa mahali peupe. Yeye alipigwa risasi ya paja. Kondo alikuwa ameshafika kwenye handaki, yuko salama. Akarudi. Akamburuta Gregori hadi handakini. Mara akamsikia mwenzao mwingine, Laurean, akiita. Akarudi tena. Safari hiyo risasi ikampata. Laurean naye hakupona.

"Mapigano yalipotulia, wenzetu walimleta. Nilimfumba macho mimi, mama. Mimi ni Mkristo, lakini mwenzetu mmoja Mwislamu, Salehe, alikuwepo, akamswalia. Tukamlaza kuelekea kibla."

Bi Mwanahalima alimsogelea. Kisha akaushika mkono wa kulia wa Gregori, akautazama.

"Ni huu?"

"Ndio huu, mama."

Jioni majirani walipokuja na visu, walikuta mikeka imetandikwa uani.

"Leo wekeni visu chini," aliwaambia. "Mwanangu amekufa. Kaeni nami."

Bi Mwanahalima, najua unatusikiliza. Pole, dada yangu. Poleni ukoo wote wa Mwinshehe, na jamaa za Laurean. Pole nawe Gregori, uliyebeba habari hiyo hadi mlangoni. Mungu ampumzishe Kondo wetu.

Nawe msikilizaji, fikiria. Huenda jirani yako hataki kuambiwa pole. Usimwache peke yake. Chukua kisu, nenda ukamenye naye mihogo.