Fundi Nawaf Aidarus na Ukweli wa Injini ya Alumini

Tunayemsindikiza leo ni Nawaf Aidarus, fundi injini wa Tandika. Wasifu huu umeandikwa na binti yake, Alya, kwa maagizo ya marehemu mwenyewe. Ndani yake kuna jambo moja linalomhusu Fundi Kondo, ambalo marehemu alitaka lisomwe mbele za watu bila kupunguzwa. Litafika mahali pake.

Marehemu alizaliwa Temeke tarehe 14 Machi 1961, mtoto wa tatu wa Mzee Aidarus, muuza vitambaa, na Bi. Naima. Alimaliza shule ya msingi hapo hapo Temeke mwaka 1975. Baba yake alitaka arithi duka. Nawaf alikaa dukani wiki mbili, akaifungua cherehani ya mzee ili aone inavyozunguka, ikabaki na skrubu nne zisizo na kwao. Mzee akamruhusu akasomee vyuma. Alisomea ufundi wa mitambo Chang'ombe, akahitimu mwaka 1981.

Kuanzia 1982 alitengeneza malori Kurasini, na mwaka 1994 alifungua gereji yake Tandika akiwa na Kondo, fundi wa kuchonga silinda. Mikono yao ilijulikana mpaka kwa wenye magari ya mashindano.

Tarehe 8 Juni 1990 alimuoa Bi. Zubeida. Nyumbani kwao kulikuwa na bloku mbili, yaani ule mwili wa injini unaobeba silinda. Ya chuma ilikuwa kiti cha wageni barazani. Ya alumini iliingizwa ndani, ikafutwa vumbi na kufunikwa kanga ya Bi. Zubeida, ambaye hakuulizwa. Alilalamika miaka yote ya ndoa, na kanga hakurudishiwa.

Sasa jambo lenyewe. Mwaka 2016 Abdulrahman, dereva wa mashindano, aliwaagiza wamuundie injini yenye tabo, kile kifaa kinachosukumia injini hewa nyingi ili iongeze nguvu. Mafundi wawili hawa wakabishana siku nne. Kondo alitaka bloku ya chuma: ni nzito, lakini inavumilia msukumo wa tabo na inachongeka tena na tena. Nawaf alitaka alumini: gari lingepungua kilo arobaini mbele na kukata kona kwa wepesi. Nawaf ndiye mwenye gereji, akashinda. Kondo aliichonga vizuri, kisha akamwambia, "Kaka, hii inataka maji yake maalumu. Haya ya kisima yana chumvi, yataila."

"Malori tumeyawekea maji ya wapi miaka yote?" Nawaf akamjibu.

Malori yalikuwa na injini za chuma, na chuma huvumilia mengi. Miezi minne ya majaribio, Nawaf aliongeza maji ya kisima cha gereji kwa mkono wake, Kondo akiwa hayupo. Siku ya mashindano injini ilizimika katikati ya mbio, moshi mweupe ukitoka. Nawaf aliifungua peke yake, akakuta njia za maji zimeliwa, zimejaa unga mweupe. Aliusafisha. Abdulrahman alipokuja, akamwambia Kondo ndiye aliyechonga vibaya.

Kondo hakugombana. Alikusanya vifaa vyake akaondoka, na habari ikamtangulia kila gereji. Mpaka leo anatengeneza pikipiki Mbagala. Miaka minane marehemu aliiponda alumini kila kijiwe, akisifia chuma, na vijana wakamwona bingwa. Alya naye alimwamini.

Mwaka 2023 aligundulika ana kisukari, kisha figo zikaanza kushindwa. Novemba mwaka jana, akiwa kitandani, alimsimulia Alya yote.

"Baba, mbona usimwambie mwenyewe? Si yupo Mbagala hapo."

"Nishakwenda mara mbili. Nafika kona ya kwake, narudi."

"Na mie nikiandika, Mama atajisikiaje?"

"Andika. Mkinisifia ufundi tu, mtanizika na uongo wangu."

Alya aliandika huku amekasirika, na hasira hiyo haijamtoka yote. Alimpenda sana baba yake, na aliona aibu kwa ajili yake. Bi. Zubeida alisomewa, akasema kisibadilishwe kitu.

Marehemu alifariki dunia Jumapili, tarehe 9 Februari 2025, saa moja asubuhi, hospitalini Temeke. Ameacha mjane, Bi. Zubeida, watoto wawili, Alya na Suhaib, wajukuu watatu, na dada yake, Bi. Afrah.

Hivyo basi, familia inatamka: injini ya mwaka 2016 ilichongwa sawasawa. Fundi Kondo alionya, hakusikilizwa, kisha akasingiziwa. Aliyeiharibu ni Nawaf.

Hatukutaka Kondo alisikie hili kwa mara ya kwanza kwenye mkusanyiko, kwa hiyo jana jioni Alya alimpelekea nakala. Kondo alisoma mpaka mwisho, akafuta mikono, akauliza maziko ni saa ngapi. Hakusema amesamehe, na hakuna aliyemuuliza.

Mwenyezi Mungu amrehemu Nawaf. Na Kondo akiweza, naye amsamehe.