Dakika Kumi za Fundi Melkiadi

Wasikilizaji wapendwa, punguzeni shughuli kidogo. Leo tunamkumbuka Melkiadi, fundi wa AC za magari, mkazi wa Shanwe hapa Mpanda. Alitutoka wiki mbili zilizopita. Melkiadi wa Shanwe, fundi AC.

Mnalijua lile gari jeupe la kliniki? Ni gari la zamani, la watalii kulala humo humo, lina kitanda, sinki na AC. Watalii waliwaachia masista, masista wakaligeuza kliniki ya wajawazito. Muuguzi Odeta ndiye aliyekwenda nalo vijijini Ugalla.

Oktoba moja ya joto kali, miaka tisa iliyopita, AC ikaanza kuvuja gesi. Akaitwa Melkiadi. Sasa, huyu ni mtoto wa mrina asali, na kwao nta inaziba kila kitu, ndoo mpaka kibuyu. Basi naye akaziba bomba la gesi kwa nta! Mwenyewe alikuwa akisimulia hadi machozi ya kicheko yanamtoka. Bomba lile huchemka. Nta ikayeyuka, gesi ikaisha, oili nayo ikatoka. Kompresa, ambayo ndiyo moyo wa AC, ikazunguka kavu mpaka ikakwama. Na nyuki wakafuata harufu ya nta. Mjamzito mmoja alikimbia akatokea nje kupitia dirishani.

Kina mama wakagoma. Ndani tanuri, nje nyuki. Masista wakasema gari lisiende tena Ugalla, bora liuzwe. Maana yake kina mama wa kule wangebaki bila kliniki, na hilo lilimuuma sana Melkiadi.

Angeweza kusingizia uzee wa gari. Nani angejua? Odeta anakumbuka: "Alikuja kofia mkononi. Akaniambia, 'Dada, gari halina kosa. Kompresa nimeiua mimi. Nipeni siku sita tu.'"

Akatafuta kompresa nyingine hadi Tabora. Safari hii hakuharakisha. Aliosha mabomba yote, maana chembe za chuma zilizosagika zingeua na hiyo mpya. Akabadilisha chujio. Akanyonya hewa na unyevu kwa pampu. Akapima oili, ndipo akajaza gesi. Siku ya saba Odeta alikuwa njiani kwenda Ugalla.

Wasikilizaji wapendwa, kompresa ile haijabadilishwa hadi leo. Kila Alhamisi Melkiadi alikwenda kuiwasha dakika kumi. Kila Alhamisi, hata Juni na baridi yake, ili oili izunguke na mipira ya kuzibia gesi isikauke. Mlinzi wa masista alimtania, "Mzee, baridi yote hii unampoza nani?" Naye akajibu, "Nawapoza wa Oktoba."

Mkewe, mama Thacienne, anasimulia: "Alipolazwa alikuwa anauliza siku tu. Nikisema Alhamisi, ananiambia nenda ukawashe. Nikamwambia, mzee, mie gari nalijulia wapi? Akanichorea ile swichi kwenye kiganja."

Tulimzika Jumatano. Kesho yake, matanga hayajaanuliwa, mama Thacienne aliinuka mkekani akaenda. Dereva akamwashia injini, yeye akabonyeza swichi, akakaa dakika kumi. "Ilipuliza baridi," ametuambia. "Nikalia, lakini nikashukuru."

Mama Thacienne, binti yako Emelyne, na nyie ndugu wote, poleni sana. Na asanteni kwa kutuachia mzee wenu miaka yote ile. Nasi tuliobaki tujiulize, ni kosa gani letu bado tunamsingizia mwingine, na ni kazi gani tunaitunza kwa ajili ya watu tusiowajua. Kesho ni Alhamisi.