Bi Karatasi Akabidhi Kikaango

Ijumaa hii, tarehe 30, Bi Karatasi anastaafu baada ya kulitumikia jiko letu kwa miaka thelathini na moja na miezi saba. Jina aliloajiriwa nalo limo kwenye faili. Humu ndani hakuna anayelitumia, na hata ukimwita kwa jina hilo hageuki.

Alianza akiosha vyombo. Kutoka kwenye sinki alimwona mpishi wetu wa kwanza, mzee wa Kichina asiyependa maneno mengi, akigusisha donge la unga mlegevu kwenye kikaango cha moto na kulinyanyua papo hapo. Kwenye chuma lilibaki duara jembamba kama karatasi, ambalo sisi huliita ngozi. Mzee alilibandua kwa ncha za vidole na kufungia mboga. Bi Karatasi alitazama hivyo kwa miezi minane. Siku mzee alipougua, mwosha vyombo wetu alijifuta mikono na kusimama penye kikaango, na mzee aliporudi alikuta nafasi imeshachukuliwa. Inasemekana alifurahi.

Tangu hapo, roli zetu za Kichina zisizokaangwa, zenye kabichi, karoti, yai lililokatwa nyuzi na karanga zilizopondwa, ndizo zinazojaza viti vya mgahawa huu. Kipimo cha Bi Karatasi ni kimoja tu: huinua ngozi mbele ya ratiba ya zamu iliyobandikwa ukutani. Ukishindwa kusoma kupitia ngozi hiyo nani yuko zamu Jumapili, basi wewe hukupika, umeshona blanketi.

Donge lile halitaki kutulizwa. Mkono ukisimama, linamwagika. Ndiyo maana mkono wake wa kulia huzunguka hata ukiwa mtupu. Kwenye mkutano mmoja wa wafanyakazi aliunyoosha kukubali hoja ya mapazia mapya, na katibu, kwa kuuona ukipanda na kushuka, akamwandikia kura tatu. Hoja ilipita. Mapazia mnayaona.

Sasa tusifichane. Mwaka jana alichukua likizo ya siku tatu, na tukaumbuka. Donge la kwanza lilianguka sakafuni. La pili lilimpanda mpishi wa supu hadi kwenye kiwiko. Siku ya tatu tulinunua ngozi za dukani, zilizogandishwa, na mwalimu mmoja anayekula kwetu kila Alhamisi alikula mboga zote, akarudisha ngozi ikiwa imekunjwa vizuri kama barua. Mpishi mkuu akakata shauri: siku Bi Karatasi atakapostaafu, roli zitafutwa kwenye orodha ya vyakula.

Aliporudi na kuambiwa, hakufoka, na hilo lilituuma zaidi. Alifanya kazi kutwa nzima bila utani hata mmoja. Kesho yake akamnyooshea kidole mkata mboga, mtu mzima wa miaka hamsini mwenye viganja kama sahani, ambaye ndiye mwandishi wa wasifu huu. Akasema ni huyu wa kurithi kikaango, na mjadala ukafungwa.

Mkata mboga alitoa macho kama mjusi aliyebanwa na mlango. Kwa miezi mitano alishona mablanketi. Mwezi wa sita Bi Karatasi alivuta kigoda, akaketi na kumpa mgongo. Mwanafunzi alidhani mwalimu wake amekata tamaa, na machozi yakamlenga, kweli kabisa. Kumbe mama wa watu alikuwa anasikiliza. Donge likigusa chuma hutoa mlio: ukiwa mrefu, umekawia; ukiwa mfupi, ndio wenyewe. Huku ametazama ukuta alisema tu umekawia, umekawia, umekawia, mpaka adhuhuri moja akanyamaza. Akanyanyuka, akaichukua ngozi ile, akaipeleka kwenye ratiba, na akasoma kwa sauti majina yote ya zamu ya Jumapili. Mpishi mkuu alisikia kila jina. Roli hazifutwi.

Bi Karatasi, asante kwa miaka yote uliyosimama ili watu wengine wakae na kula. Tunakuombea afya njema na asubuhi ndefu zisizo na kengele ya jikoni. Kwenye sherehe umewekewa kiti meza ya mbele, na roli utakazoletewa hukuzipika wewe. Moja ikiwa imechanika, utaiona kabla yetu sote. Tafadhali usinyanyuke. Kaa, mama yetu, ule.