Mjomba Tone Anaiaga Rafu ya Wiski

Ijumaa hii, tarehe thelathini Juni, Mjomba Tone anastaafu baada ya miaka thelathini na mmoja ya kuihudumia rafu ya wiski ya Uskochi katika duka letu la vinywaji. Wengi wetu tulipoajiriwa tulimkuta hapo, tukadhani alijengwa pamoja na duka.

Jina lake la kwenye mkataba analijua mhasibu. Hili la Tone tulimpa sisi, kwa sababu ya maji. Mteja akimuuliza wiski nzuri inywewe vipi, jibu ni lilelile: tone la maji, si mafuriko. Tone huifungua harufu, mafuriko huizamisha. Huyasema hayo kwa upole wote, hata kama mteja ameshika soda ya kola mkononi.

Alianza kwa kupakua makreti mlango wa nyuma. Mwenye rafu wa wakati huo aliacha kazi ghafla, Mjomba akaambiwa ashikilie mpaka Jumatatu, atafutwe mtu. Jumatatu hiyo haijafika mpaka leo.

Rafu yake ina ngazi tatu. Chini zipo za bei nafuu, zilizochanganywa kutoka viwanda vingi. Katikati zipo za shayiri tupu kutoka kiwanda kimoja, zilizolala kwenye pipa miaka kumi au kumi na miwili. Juu, nyuma ya kioo chenye kufuli, zipo zile ambazo wateja huzitazama huku mikono wameiweka nyuma. Mjomba hakuwahi kumuuliza mtu ana kiasi gani. Aliuliza nani atakayeinywa, na ataichanganya na nini. Ukisema barafu na soda, alikupeleka ngazi ya chini na kukusifu kwa kujijua. Ukisema unataka kujifunza, alikupa mbili za katikati, moja yenye moshi na moja isiyo nao, uzilinganishe taratibu nyumbani. Na ukikodolea macho kile kioo, alikukumbusha kwamba bei hupanda ngazi tatutatu, utamu hupanda mojamoja. Hapo juu unalipia miaka, na unalipia wivu wa majirani.

Kuna bwana harusi aliyetaka kumnunulia baba mkwe chupa ya nyuma ya kioo. Mjomba alipobaini kwamba mzee huyo hunywa kila kitu na kola, alimfungia mbili za ngazi ya chini na kumtakia ndoa njema. Mama Meneja alinuna wiki nzima. Baba mkwe ni mteja wetu mpaka sasa.

Miaka miwili iliyopita Mjomba aliugua mafua makali. Alirudi amekonda lakini na utani wake uleule, kumbe kuna jambo ametuficha. Lilifichuka Jumamosi moja ya kuonjesha wateja.

Lazima nieleze kwamba chupa za dirishani kwetu hazina wiski. Jua huiharibu, kwa hiyo tunazijaza chai ya rangi iliyopoa. Asubuhi hiyo Dada Keshia, ambaye ameniruhusu nimtaje, alisafisha dirisha na kuisahau chupa moja kwenye meza ya kuonjea. Mjomba akaimimina. Akainua glasi, akafumba macho, akawasimulia wateja habari za moshi na asali. Mwalimu mkuu mstaafu alikunywa, akatafakari, akatamka kwamba hii kweli ni laini, haichomi hata kidogo. Wenzake wakaafiki. Mlinzi wetu wa mlangoni akaonja mabaki, akasema, “Mjomba, hii si imekosa sukari tu?”

Tulicheka mpaka machozi. Kisha tukaona mwenzetu hacheki. Aliweka glasi chini, akasema tangu mafua hasikii harufu yoyote. Si ya moshi, si ya sabuni, si ya mafuta ya nywele ya mke wake. Hii ya mwisho aliisema kwa sauti ndogo, na sidhani kama kuna aliyeweza kumtazama usoni.

Mama Meneja, kwa nia njema, alipendekeza Mjomba amalizie muda wake stoo, akae kwenye kiti. Mjomba alijibu kwamba angependa kuagwa akiwa mbele ya rafu yake. Kurudi mlango wa nyuma kwake kungekuwa kama kuambiwa kwamba miaka yote ile alikuwa anashikilia tu. Tulikwenda ofisini watatu kumwombea: Dada Keshia, mlinzi, na mimi wa rafu ya mvinyo. Tukaahidi kwamba chupa yoyote itakayofunguliwa tutanusa sisi, yeye atupe akili.

Masharti aliyaweka yeye. Tusitumie maneno ya kwenye lebo, tuseme tunachokijua. Mlinzi alinusa chupa ya katikati na kusema viatu vipya na zabibu kavu. Mjomba akapiga kofi kwa furaha: pipa hilo liliwahi kulaza mvinyo mtamu! Dada Keshia alinusa nyingine akasema hospitali, akaambiwa shayiri yake ilikaushwa kwa moshi wa udongo wa kinamasi, na kwamba wapo wanaoilipia hospitali hiyo bila bima. Zamani alinusa yeye, sisi tukaitikia. Katika miaka hii miwili ndipo tulipojifunza kazi. Habari ya stoo haikutajwa tena.

Jambo moja lilibaki likimsumbua. Baada ya Ijumaa, ile glasi yake ya Jumapili nyumbani, nani atamwambia kilichomo? Alitutania kwamba atakuwa anakunywa kama mtu anayetazama mpira bila sauti. Tulicheka kwa heshima tu. Ilituuma.

Sasa, Mjomba, kijitabu hiki cha kukuaga kimechapwa bila wewe kukipitia, na kuna habari humu huijui. Tangu Machi, kila Jumanne, siku yako ya mapumziko, Mkazamjomba amekuwa akija dukani. Aliniambia kwamba wewe amekuambia anakwenda kwa fundi cherehani, na ndiyo maana lile gauni haliishi. Mama huyu ambaye tangu mwoane anaiita wiski dawa ya kung'arishia viatu alivaa miwani, akasimama mbele ya rafu yako, akazinusa kuanzia ngazi ya chini mpaka ya juu. Siku ya kwanza alisema zote zinanuka matatizo. Hakukata tamaa. Jumanne iliyopita, macho ameyafumba, aliitenga ya moshi na ya zabibu bila kukosea. Kisha akashika moja ya katikati, akakaa nayo muda mrefu, akasema, “Hii ni ule mlango alioupaka vanishi siku tunahamia.” Mlinzi alijifanya ameitwa nje.

Chupa hiyo ndiyo zawadi yetu, na iko mbele yako. Tungeweza kuchangishana tukafika nyuma ya kioo, lakini ungetugombeza.

Asante, Mjomba, kwa subira yako na kwa kila mteja uliyemzuia kujifilisi. Mungu awape afya, awape miaka mingi ya kukaa pamoja bila haraka. Sasa funga kijitabu hiki. Glasi ikishamiminwa, mpe kwanza aliyeketi kulia kwako, anuse, nawe umsikilize.