Mwacheni Bata Amalize

Wasikilizaji wapendwa, jirani wa Mama Vifungo, msusi wa mlango wa pili, anaapa kwamba mama huyo aliiba. Anasema alimwona kwa macho yake mawili. Alitoka mbio kwenye kituo cha televisheni, kikaragosi cha bata kimefichwa chini ya mtandio, viatu mkononi, walinzi watatu nyuma yake. Akaruka ukuta.

Siku hiyo Mama Vifungo alikuwa na miaka sitini na mmoja na goti bovu. Na ukuta ule, hata paka huufikiria mara mbili.

Tukamtafuta mlinzi wa lango. Yupo bado. Anasema hivi: "Alikuja kwa mguu, polepole. Bata kamvaa mkononi. Bata akanisalimia, nikamjibu. Nikafungua lango. Sasa ulitaka nifanye nini?"

Huyo ndiye aliyetutoka wiki iliyopita. Mama Vifungo, mshona nguo. Mama Vifungo, mwandishi wa vitabu sita vya watoto vya Bata Taratibu. Leo tunamkumbuka, wala hatutanong'ona.

Aliishi chumba kimoja nyuma ya maduka ya vitambaa. Cherehani dirishani, kopo la vifungo juu ya kabati. Mama yao alifariki mapema, akamlea mdogo wake wa kiume, ambaye leo ni fundi viatu. Mdogo wake ana kigugumizi. Alikuwa nacho utotoni, anacho hadi leo.

Siku moja alitumwa chumvi, akarudi na sukari. Muuza duka alikuwa amechoka kumsubiri. "Sukari?" Mtoto akaitikia kwa kichwa, yaishe.

Dada mtu hakugomba. Alimshika mkono, wakarudi dukani, akaweka sukari mezani. "Huyu hajamaliza kusema," alisema. "Msubiri." Foleni nzima ikasubiri. Chumvi ikatoka.

Alasiri ileile akaandika hadithi ya kwanza, kwenye karatasi ya kukatia mitindo. Wanyama wanataka kuvuka mto. Bata anawakimbilia: "Da-da-daraja..." Wenye haraka wakaondoka zao. Waliomsubiri wakasikia neno la mwisho: limekatika. Walioondoka wakalowa mpaka masikio. Vitabu vyote sita viko hivyo. Bata anakwama, na asiyemsubiri anaumia.

Kisha televisheni ikaja. Mtayarishaji alikuja mwenyewe, kijana mstaarabu, akakaa kwenye kigoda cha wateja. "Mama, mimi nimekua na bata wako."

"Ndiyo maana una masikio makubwa," akamjibu. Wakacheka, wakakubaliana.

Alimshona bata kwa blanketi lake la kahawia. Macho, vifungo viwili vya koti. Akawa anajikunja chini ya meza ya studio, mkono juu, ndani ya bata. Sauti ilikuwa ya mdogo wake. Mwaka wa kwanza walifuata vitabu neno kwa neno.

Mwaka wa pili mambo yakaanza kusogea. Bata akapewa gari. Akahamia mjini. Akapewa kofia ya kurukia. Mdogo wake akanung'unika. Mama Vifungo akamtuliza: "Gari sawa. Kofia sawa. Hata mwezini wampeleke, bata ni bata."

Halafu wakaanza kupunguza kigugumizi. "Mama, kipindi ni dakika kumi na moja," alisema mtayarishaji. "Bata anakula dakika nzima kwa neno moja."

"Mwanangu, hadithi yenyewe ndiyo hiyo dakika."

Baadaye wakakibandikia vicheko. Bata akikwama, watu wasioonekana wanaangua kicheko. Mama Vifungo alivumilia hilo pia.

Mwaka wa tatu ikaja hadithi mpya, haimo kitabuni. Bata anameza mbegu ya ajabu, kigugumizi kinakwisha. Mtayarishaji alimletea karatasi kwa furaha. "Mama, bata amepona!"

Mama Vifungo akavua miwani. "Kwani alikuwa anaumwa?"

Mwigizaji mpya akaletwa. Mdogo wake akashukuriwa kwa fulana yenye picha ya bata.

Siku ya kurekodi, Mama Vifungo aliingia chini ya meza kama kawaida. Sauti mpya ikapigwa: "Hamjambo, marafiki!" Laini kama mafuta. Lakini mdomo wa bata ukafunguka, ukafunga. Ukafunguka, ukafunga. Ukafunguka. Sauti imekwisha, bata ndiyo kwanza anaanza. Wakarudia. Ikawa vilevile. Walirudia mara saba, wasikilizaji. Mara saba.

Mtayarishaji akapiga magoti, akachungulia. "Mama, mkono wako una nini?"

"Mkono hauna neno. Huyu hajamaliza kusema."

"Basi mpe mtu mwingine amshike."

Hapo ndipo alipotoka chini ya meza, akanyoosha goti, akaenda zake na bata mkononi. Hakukimbia. Hakuficha kitu. Bata alikuwa wake, alimshona mwenyewe kwa blanketi lake mwenyewe.

Kituo kikatengeneza bata mwingine, anang'aa. Kipindi kikabadilishwa jina, kikaitwa Bata Kasi. Tusidanganyane, watoto walikipenda. Hakuna kitabu hata kimoja kilichobaki ndani yake.

Mama Vifungo akahamia kwenye mabenchi ya zahanati. Kila Jumatano, bata mkononi, aliwasomea vitabu vyake watoto wanaosubiri daktari. Mmoja akamkatalia: "Huyu siye! Bata wa kwenye tivii anaongea vizuri."

"Yule ni binamu yake," akasema. "Hajawahi kusubiriwa, ndiyo maana ana haraka."

Kisha msichana wa mwisho kwenye benchi akainua mkono. Alitaka kuuliza kama bata atawafikia wenzake mtoni. Lilimchukua muda mrefu swali hilo. Bata akamgeukia, akatulia. Benchi zima likatulia. Nesi naye, karatasi mkononi, akatulia.

Mama Vifungo alifariki Jumatano, baada ya kuugua siku chache. Siku moja baada ya mazishi, mtayarishaji alimpigia simu mdogo mtu. Wanaandaa kipindi maalumu cha kumuenzi. Wanamtaka bata wa zamani. Yule mwigizaji atamsemea.

Fundi viatu akasema yuko tayari kumtoa, ila kwa sharti moja. Alipofika katikati ya sharti, mtayarishaji akasema, "Tumekuelewa, tutakupigia." Hawajapiga.

Kwa mdogo wake, kwa wateja wake, kwa majirani, na wewe msusi pamoja na ukuta wako, poleni sana. Mungu amlaze mahali pema. Na wewe unayetusikiliza, tazama hapo ulipokaa. Kuna mtu unayemmalizia maneno kila siku, ukidhani unamsaidia. Mara ngapi umempa sukari?

Fundi viatu yuko nasi hapa studio, bata mkononi. Nimemwomba fundi mitambo asikate. Mkisikia kimya, redio zenu ni nzima. Mtayarishaji, kama unasikiliza, sharti lake ni hili:

"M-m-mta... Mta... Mta-mtaniacha... ni-ni... nimalize?"

Simu ya studio iko hapa mezani. Tunasubiri.