Tangi Nililolipaka Rangi

Ndugu zangu, nawasalimu katika jina la Bwana, yeye aliyenitoa katika uongo niliouunda kwa mikono yangu mwenyewe.

Wengi mnanijua. Mimi ni Perusi, fundi wa faiba pale Kizota. Zamani nilikuwa mpiga chapa katika kiwanda cha umma. Ilipoingia miaka ya ruksa, ya soko huria, kiwanda kikauzwa, nasi tukapewa barua za kupunguzwa. Mzee Shabani, aliyekuwa msimamizi wetu wa karakana, alifungua banda lake Kizota. Nilikwenda kumwomba kazi ya kuandika, akanipa brashi. Yeye ni Mwislamu wa hapa mjini, na aliniheshimu kama binti yake. Alinifundisha kutandika nyuzi za kioo, kuzipaka rezini, ile gundi ya majimaji, kungoja igande, kisha kutandika tena, mpaka kitu kinakuwa kigumu kama mfupa.

Ndugu zangu, niliipenda kazi ile, lakini niliyapenda zaidi macho ya watu. Wanaume wa mabanda ya jirani walipita wakicheka, wakisema mwanamke atachoka tu. Nikaapa moyoni kwamba hawataniona nikikosea hata siku moja. Hicho ndicho kilichokuwa kifungo changu.

Mwaka mmoja, miezi ya baridi, Mzee Shabani aliugua akabaki nyumbani. Ndipo akaja mganga wa zahanati moja ya ng'ambo ya bwawa la Mtera, Bwana Mathayo. Boti yao ilivusha wagonjwa kuwapeleka hospitali, na matangi yake ya mafuta, ya chuma, yalikuwa yameoza kwa kutu. Alitaka mawili ya faiba. Nikakubali kuyatengeneza peke yangu.

Niliyajenga vizuri, yakiwa na kuta za ndani ili dizeli isichezecheze boti ikiyumba. Kisha nikayapima kama nilivyofundishwa: nikaziba matundu, nikajaza hewa kwa pampu ya baiskeli, nikapaka povu la sabuni kwenye maungio. Tangi la kwanza lilikuwa kimya. La pili, kwenye kona ya mfuniko, povu likaanza kutoa vipovu vidogo. Kwa baridi ile rezini haikuwa imeshika sawasawa.

Dawa yake niliijua. Kukwangua, kutandika upya, kungoja siku mbili. Lakini gari lilikuwa mlangoni, na majirani wamesimama kutazama. Nikaziba kona kwa puti, ule ute mzito wa kuzibia nyufa, nikapaka rangi ya kijivu, sikupima tena. Gari likaondoka, wakanipongeza. Nikapokea pongezi zile.

Jumapili nilisimama na kwaya hapa mbele. Niliwaona wagonjwa juu ya maji kana kwamba wamekaa kwenye viti hivi. Ibada ilipoisha nilikwenda kwa Mzee Shabani. Nikamwamkia, nikapiga magoti kando ya kitanda, nikamweleza yote. Nilitegemea anigombeze.

Akasema, "Mwanangu, rangi haizuii mafuta. Basi la Iringa, linalopita Mtera, linaondoka asubuhi. Nenda."

"Watasema nini, mwalimu?"

"Watasema. Wewe nenda."

Nilifika Mtera mchana, nikapanda mtumbwi wa wavuvi kwenda ng'ambo, nikiomba njia nzima. Nikakuta matangi yangu yameshafungwa, na boti inajiandaa kuondoka. Mama mmoja mwenye uchungu wa siku mbili alikuwa amelazwa kwenye godoro, tayari kuingizwa. Nikasema mbele ya wote, "Bwana Mathayo, msiwashe injini. Tangi moja linavuja. Nilijua, nikalipaka rangi."

Nahodha aliniambia maneno ambayo sitayarudia hapa, na yote nilistahili. Alipofunua mbao za sakafu, dizeli ilikuwa imetuama chini, imelikaribia bomba la moshi la injini. Bwana Mathayo akakaa chini kwenye mchanga.

Na hapo, ndugu zangu, hofu yangu ilikatika. Lile nililoliogopa miaka yote, kuonekana nimekosea, lilikuwa limetokea, na nilikuwa bado nimesimama. Nikavua kanga ya mabegani, nikaingia kwenye boti. Mimi na nahodha tukafunga bomba la tangi bovu, tukaimimina dizeli yake kwenye mapipa, tukakausha sakafu kwa matambara mpaka ikawa safi.

Yule mama alikuwa amesikia yote. Akaniita.

"Dada, na hilo la pili ulilipima?"

"Nililipima. Halivuji."

"Basi nitapanda. Na wewe upande."

Ndugu zangu, mimi ni mtu wa nchi kavu, sijui kuogelea. Nikapanda. Nikakaa kando yake, amenishika mkono, mpaka tukafika. Alijifungua hospitalini jioni ile, mtoto wa kike, wote wazima.

Tangi lile nililirudisha Kizota, nikalikwangua mbele ya majirani, nikawaambia kwa nini. Walicheka wiki nzima. Nililipima mara tatu kabla ya kulipeleka. Mwaka uliofuata Bwana Mathayo alileta wavuvi wawili wanaotaka matangi. Akawaambia, "Huyu akikosea, atakuja mwenyewe kuwaambia."

Nawashukuru ninyi mlioniombea bila kujua mnaombea nini. Namshukuru Mungu, ambaye hakuniacha nishike sifa iliyooza. Mwaminini. Ukweli unauma, lakini yeye yuko upande wa ukweli.

Na kama kuna mtu hapa ana neno linalomlemea, na anajua nyumba anakopaswa kwenda kulisema, anione baada ya ibada. Kama anaogopa kwenda peke yake, nitamsindikiza mpaka mlangoni, na nitamngoja nje.